Walishajaribu kushusha bei

Kaka, umeuliza kwa nini AMD wasishushe tu bei ya chipu zao za kompyuta wawanyang'anye wapinzani wao Intel soko. Walishajaribu. Mwaka 2006 Intel walitoa chipu mpya, Core 2 Duo, bei za chipu zikaporomoka pande zote mbili. Mwaka 2007 AMD wakaandika hasara ya zaidi ya dola bilioni 3, na 2009 wakaachana na viwanda vyao. Tusiisingizie bei peke yake, walikuwa pia wamebeba deni la kuinunua ATI, kampuni ya chipu za picha.

Chipu si dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Pale jua likizama na gunia limebaki, unapunguza unaenda zako nyumbani. Kwenye chipu pesa imeshalala kwenye mitambo, na mwenye mtaji mkubwa anashusha na wewe. Mnabaki palepale, faida imeyeyuka.

Ryzen, chipu ya AMD ya 2017, ilifaulu kwa sababu ilikuwa na nguvu, si bei peke yake: toleo la 1800X lilikuwa na koa nane (sehemu za chipu zinazofanya kazi kwa pamoja) kwa dola 499, wakati ya Intel yenye koa nane ilipita dola elfu.

Hapa kwangu Makoroboi mteja hushika kompyuta mbili akauliza, "Ipi haigandi?" Bei huja baadaye.