Maswali ya Wasomaji: Viza ya Schengen

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja bila ukaguzi wa mipaka kati yao. Viza hiyo humruhusu msafiri kukaa si zaidi ya siku 90 katika kila kipindi cha siku 180. Tumechagua nne.

*Binti yangu ameolewa Hamburg na amejifungua mtoto wa pili. Ananiita nikakae naye miezi miwili. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi kwa pensheni na duka dogo. Kijana mmoja anayejiita wakala ameniambia niazime fedha niziweke benki wiki mbili ili ubalozi uone nina uwezo. Je, ni lazima? (Mama mstaafu, Tanga)*

Hongera kwa mjukuu, Mama, na fedha hizo usiziazime. Afisa anayesoma taarifa ya benki haangalii salio la mwisho peke yake, bali huipitia miezi iliyotangulia mstari kwa mstari. Shilingi milioni nane zinazojitokeza ghafla katika akaunti ambayo kila mwezi hupokea pensheni na kulipia umeme na bidhaa za duka, zitamfanya aulize zimetoka wapi, na jibu la kweli litakuharibia ombi zima. Huyo wakala, akishalipwa chake, hatakuwepo kukusaidia kujibu.

Kwa hali yako ipo njia halali na nyepesi zaidi. Ujerumani humruhusu mwenyeji, yaani binti yako au mumewe, kwenda katika ofisi ya masuala ya wageni ya mji wanakoishi na kutia saini tamko rasmi la kubeba gharama zako zote, pamoja na za matibabu. Binti yako akifika hapo aulizie Verpflichtungserklärung. Ofisi hukagua kwanza kipato cha mwenyeji, hutoza euro 29, kisha hutoa hati ambayo ni lazima ifike mikononi mwako yenyewe, kwa kuwa picha iliyotumwa kwa simu haitoshi. Kwa hiyo hesabuni na siku za kuisafirisha, wala isiwe imekaa zaidi ya miezi sita tangu itolewe.

Hata hivyo, tamko hilo hujibu swali la fedha tu. Swali zito zaidi ni kama utarudi, na hapo mstaafu mwenye duka ana mengi ya kuonyesha kuliko anavyodhani: karatasi za pensheni, leseni ya biashara, hati ya nyumba au ya shamba, na maelezo ya familia inayobaki nyumbani. Ambatanisha cheti cha kuzaliwa cha binti yako kinachokutaja wewe kuwa mama yake, pamoja na cha mjukuu, kwa sababu undugu haukubaliwi kwa maneno. Andika pia barua fupi ya kueleza unakwenda lini, utalala wapi, nani atauza dukani ukiwa safarini, na utarudi lini. Tarehe za barua hiyo, za mwaliko, za bima na za ndege zifanane. Barua ikisema siku 60 na bima ikaishia siku ya 45, afisa hana wajibu wa kukupigia simu akuulize ipi ndiyo sahihi.

Mengine ni ya kawaida. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Bima ya safari igharimie matibabu ya kiasi kisichopungua euro 30,000 katika nchi zote za Schengen. Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, nasi tunashauri usisubiri tarehe hiyo ya mwisho, kwani uamuzi wenyewe kwa kawaida huchukua siku 15 na unaweza kufika 45. Tiketi usiilipie kabla ya kupata viza; nafasi iliyowekwa tu inatosha kuonyesha mpango wako.

*Mimi na mume wangu tunataka kukaa Paris siku nne, Roma siku sita na Amsterdam siku mbili, lakini ndege yetu inatua Amsterdam. Tuombe viza kwa nani? (Msomaji wa Mombasa)*

Ombeni kwa Italia, dada. Kinachoamua ni nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Pale ndege inapotua huangaliwa tu ikiwa siku zimelingana. Kila mmoja hujaza fomu yake na kutoa alama zake za vidole, ambazo huweza kutumika tena kwa maombi mengine ndani ya miezi 59.

Mkipewa viza, isomeni palepale kabla hamjaondoka kaunta. Wengi huona tarehe mbili, kwa mfano 1 Juni mpaka 15 Julai, wakadhani wamepewa muda wote huo. Chini yake kuna idadi ya siku, tuseme 20, na hiyo ndiyo haki yenu: siku 20 popote kati ya tarehe hizo, siku ya kuingia na ya kutoka zote zikihesabiwa. Tazameni pia idadi ya kuingia. Ikiwa ni mara moja, nanyi mkavuka kwenda London kwa matembezi, viza hiyo haiwarudishi Paris. Na Uingereza yenyewe, kama Ireland, haimo katika Schengen na inataka viza yake.

Karatasi za hoteli, bima na tiketi ya kurudi zisafiri katika mkoba wa mkononi, kwa sababu afisa wa mpakani bado ana mamlaka ya kuwauliza mnakwenda wapi na kwa fedha gani, na kuwazuia asiporidhika. Tangu Oktoba 2025 nchi hizo zimeanza kusajili picha na vidole vya wageni kwa kompyuta badala ya mhuri wa pasipoti, hivyo mtu aliyezidisha hata siku moja huonekana mara moja.

*Niliomba kumtembelea kaka yangu Ujerumani, nikakataliwa kwa maelezo kwamba nia yangu ya kurudi haikuthibitika. Nirudishiwe ada? Nikate rufaa? (Msomaji wa Bukoba)*

Ada hairudishwi. Utaratibu wa zamani wa kuuandikia ubalozi uangalie upya uamuzi wake, Ujerumani iliufuta tarehe 1 Julai 2025. Kilichobaki ni kwenda mahakamani Berlin au kuomba upya. Kwa ziara ya kifamilia, sisi tungeomba upya, lakini si kwa karatasi zilezile. Tafuta kwanza kilichopungua: barua ya mwajiri inayotaja likizo yako na siku ya kurudi kazini, kwa mfano. Usifiche kwamba ulikataliwa, kwani kumbukumbu hiyo huhifadhiwa kwa miaka mitano na huonekana katika balozi zote za Schengen.

*Mimi ni Mkongomani, nina viza halali ya Kanada. Nikipitia Brussels, nahitaji viza nyingine? (Msomaji wa Lubumbashi)*

Raia wa Kongo ni miongoni mwa wanaotakiwa kuwa na viza ya kupita uwanja wa ndege hata wakibadilisha ndege tu. Wewe, ndugu, unasamehewa kwa sababu ya viza yako ya Kanada, ilimradi iwe bado hai na usitoke katika eneo la wasafiri wa kimataifa. Lakini kagua tiketi yako kwa makini: ikiwa inakushusha Brussels, kisha inakupandisha ndege ya Frankfurt kabla ya Toronto, safari ya katikati ni ya ndani ya Schengen, utapita uhamiaji, na msamaha huo hautakufaa. Mwombe anayekukatia tiketi akutafutie ndege inayotoka Brussels moja kwa moja hadi Kanada.