Mama anasikia sauti, maneno ndiyo yanampotea

Kwa miaka kadhaa nyumbani tulisema mama anasikia anachotaka kusikia. Ukimwita jikoni akiwa peke yake, anaitika hapo hapo. Ukimsemesha sebuleni, televisheni inaongea na wajukuu wanagombana, anatabasamu tu na kutikisa kichwa. Kaka yangu aliamini anatupuuza. Mimi pia. Nikikumbuka naumia, ndiyo maana naandika haya kwa yeyote anayeishi na mzazi wa umri huo.

Tulimpeleka kwa daktari wa masikio, akatolewa nta, kisha akapimwa. Kwenye chumba tulivu, cha kusikiliza milio, alipungukiwa kidogo tu. Basi kwa nini sebuleni anapotea?

Ndani ya kila sikio tunazaliwa na seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo, zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za umeme. Zikifa hazioti tena, na zinazopokea sauti nyembamba ndizo hutangulia kufa. Herufi kama s, f, t na k zinategemea sana sauti hizo nyembamba, lakini irabu ni nzito zaidi na hubaki. Mama anapata "a-a", sasa ni saa, taa au kaa? Inabidi abahatishe.

Hilo ni sikio. Kuna sehemu ya pili ambayo sikuwahi kuifikiria, nayo ni neva na ubongo. Uzee, na kelele za miaka mingi, hukata viungio kati ya seli hizo na neva ya usikivu. Mwaka 2009 watafiti wa usikivu Sharon Kujawa na Charles Liberman walionyesha kwa panya kwamba viungio vinaweza kupotea kwa wingi baada ya kelele, ilhali kipimo cha milio kimerudi kuwa kizuri. Juu zaidi, kwenye shina la ubongo, zipo seli ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzao kwa kemikali iitwayo GABA, ili kila sauti ipate mwanzo na mwisho wake. Kwa wanyama waliozeeka kemikali hiyo hupungua. Seli zinazopokea zinawaka ovyo, silabi zinagandana, na sauti ya feni inachanganyika na ya mtoto wako.

Ndiyo maana kupiga kelele hakusaidii. Mama husema, "Sema kwa nguvu," ukipandisha sauti anasema, "Mbona unanifokea?" Yote mawili ni kweli: sikio lililochakaa halisikii sauti ndogo, lakini kubwa inalipiga ghafla.

Kilichotusaidia zaidi ni kuzima televisheni kabla ya kusema. Mguse mkono, mwite "Mama", subiri akutazame, kisha sema taratibu kwa sauti ya kawaida, uso wako ukiwa kwenye mwanga. Asipoelewa, usirudie sentensi ile ile mara tatu. Badilisha maneno: "Ni saa ya dawa" iwe "Mama, vidonge vya jioni." Neno jipya linaupa ubongo njia nyingine ya kukisia. Kwenye shughuli, mkalishe ukutani, mbali na spika, karibu na mtu mmoja wa kuzungumza naye.

Kifaa cha kusaidia kusikia alikivua siku ya pili, akisema sufuria zinampigia kelele. Wengi huishia hapo na kukiweka kabatini. Msihi akivae saa chache kila siku, kwa majuma kadhaa, kwanza mahali patulivu. Ubongo uliokaa miaka bila sauti hizo unahitaji muda kuzizoea tena. Na mrudi kwa mtaalamu akirekebishe; sisi tulirudi mara tatu.

Usichelewe. Watafiti wanahesabu upungufu wa kusikia wa umri wa makamo miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau, na mambo hayo yanaweza kushughulikiwa. Lakini zaidi ya ugonjwa, niliona mama alivyoacha kwenda kwenye kikundi chake cha wanawake kwa sababu ya aibu ya kujibu sivyo.

Angalizo moja: uzee huondoa usikivu polepole, kwa kawaida masikio yote mawili. Sikio moja likizima ghafla, ndani ya siku moja au mbili, hiyo ni dharura. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.