Fomu ya shule England: jaza mistari yote

Mzazi anayeishi England huambiwa ana haki ya kumchagulia mtoto shule ya serikali. Haki yenyewe ni ya kutaja shule mnazozipenda kwa mpangilio. Halmashauri nayo humpa mtoto ile ya juu zaidi iliyopata nafasi kwake.

Shule haionyeshwi umeiweka namba ngapi. Inawapanga waombaji kwa vigezo vyake: kwa kawaida hutangulia watoto walio chini ya uangalizi wa halmashauri, wakifuatiwa na wenye ndugu shuleni, kisha umbali. Kwa hiyo mnayoitamani iwekeni namba 1 bila hofu. Haipunguzi nafasi yenu kwenye shule ya namba 4. Kosa kubwa ni kuandika shule moja tu, mkidhani mtalazimisha. London fomu ina nafasi 6, kwingine angalau 3. Mkikosa zote mlizotaja, mtoto hupelekwa palipobaki nafasi, hata kama ni mabasi mawili kila asubuhi.

Kwenye orodha iwepo shule moja ya uhakika. Tafuteni kwenye taarifa za halmashauri umbali wa mtoto wa mwisho aliyepokelewa, kwa miaka mitatu, kwa kuwa hupanda na kushuka. Tuseme uliishia mita 900 nanyi mko mita 1,150: itajeni, ila msiitegemee. Someni pia kama wanapima mstari ulionyooka au njia ya miguu. Anwani ni ya mnakoishi na mtoto. Mkitumia ya shangazi, nafasi inaweza kufutwa hata ikishatolewa.

Sekondari mwisho ni 31 Oktoba, majibu 1 Machi. Msingi ni 15 Januari, majibu 16 Aprili. Shule nyingi za dini zina fomu ya ziada inayorudishwa shuleni kwenyewe, na wengi huisahau.

Mkipewa msiyoitaka, ikubalini. Bado mnaweza kuwa kwenye orodha ya kusubiri ya shule mnayoitaka, na rufaa iko palepale. Mkikataa, mtoto anaweza kufika Septemba hana shule. Kwenye rufaa elezeni shule ile ina nini anachokihitaji mtoto huyu, mkiambatisha ushahidi, kama barua ya daktari. Kwa darasa la awali hadi mwaka wa 2 ni vigumu zaidi: sheria inaweka kikomo cha watoto 30 kwa mwalimu mmoja, hivyo mara nyingi itabidi muonyeshe kwamba vigezo vilitumika vibaya, kwa mfano umbali ulipimwa kutoka nyumba isiyo yenu.