Maswali ya Shamba: Mihogo ya marehemu mama niing'oe yote?

SWALI: Shikamoo mwandishi. Niko Muheza, mama katuachia shamba la kama ekari mbili na mihogo yake imechanganyika sana, kuna ya kuchemsha, kuna michungu ya makopa, kuna mmoja yeye alikuwa anauita tu "wa bibi". Sasa nimepata mbegu ya kisasa na kila mtu ananiambia ng'oa takataka zote hizo panda aina moja ndo utaona hela. Moyo unasita. Ni mapenzi ya mama tu au kuna maana ya kuiacha? – Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na pole sana kwa msiba. Hiyo mbegu mpya ipande, tena mvua isikupite, sina ugomvi nayo hata kidogo. Ila ya mama usiing'oe yote, na sababu yenyewe iko hapo hapo juu yenu mlimani Amani, we unaona magari yanapanda huko kila siku.

Miaka ya 1930 pale Amani kulikuwa na kituo cha utafiti, watafiti wakina Storey na Nichols wanahangaika na magonjwa mawili ya muhogo: batobato, lile linalokunja majani na kuyatia madoa ya njano, na michirizi ya kahawia, ule unaoharibu mzizi, ambao Storey ndo aliuelezea kwa mara ya kwanza mwaka 1936. Wakajaribu mihogo ya kila namna, kinga waliyoitaka hawakuipata, mwisho wakaenda kumchukua ndugu yake wa porini, ule mti wa mpira wa Ceará, ule ule ambao Wajerumani waliwahi kuupanda huko Tanga kuvuna mpira. Mti kabisa, mzizi wake si wa kula. Wakauchavusha na muhogo, watoto wakawarudisha kwa muhogo tena na tena mpaka ikatoka mihogo inayolika na yenye kinga ndani yake.

Mwaka 1957 ile kazi ikafungwa. Sasa sikiliza, wakulima wao hawakufunga! Walikuwa wameshachukua pingili, wakawa wanakata na kupanda, wanakata na kupanda, wanagawiana na mashemeji, jina la kituo likasahaulika na muhogo ukapewa jina la kienyeji. Miaka mingi baadaye watafiti wanatafuta kinga ya michirizi ya kahawia wakaukuta kusini mwa Tanzania unaitwa Namikonga, wakaukuta pwani ya Kenya unaitwa Kaleso, walipopima vinasaba ikaonekana ni muhogo mmoja, mtoto wa Amani mwenye namba 46106/27. Leo Namikonga ni mzazi mkubwa kwenye kuzalisha mbegu zinazohimili ugonjwa ule. Mi nikiisoma habari hii huwa namfikiria mama mmoja wa kusini huko, simjui, aliyekata pingili zake msimu baada ya msimu bila kujua kashika nini mkononi.

Na mbegu nyingine za Amani zilipelekwa Nigeria, kikatoka kizazi kinachoitwa 58308, IITA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo pale Ibadan, wakakitumia kutoa mihogo ya kuhimili batobato. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali lilipolipuka Uganda na kuifyeka mihogo aina ya Ebwanateraka ambayo watu wengi walikuwa wameitegemea peke yake, mojawapo ya mihogo iliyowainua tena ni Nase 3, ukoo wa 58308. Yaani kinga ilitoka mlimani kwenu, ikazunguka mpaka Nigeria, ikarudi Uganda.

Kwa nini nakusisitiza we na shamba lako, si kuna maghala ya mbegu? Kuna shida moja watu hawaijui. Mahindi unayakausha unayaweka kwenye baridi yanakaa miaka, muhogo hauko hivyo, ukipanda mbegu yake ile ya kwenye tunda huupati muhogo wa mama, unapata mtoto mwingine kabisa mwenye tabia zake. Kuupata ule ule lazima pingili, na pingili ni kitu hai, haingoji. Maabara wanahifadhi kwa kuotesha kimche kidogo ndani ya chupa na kukihamisha kila baada ya muda, au wanagandisha ncha ya chipukizi kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Ni kazi ya gharama, hawawezi kuchukua kila muhogo wa kila kijiji, na ule "wa bibi" inawezekana kabisa haupo kwenye chupa yoyote duniani.

Kwa hiyo fanya hivi. Tenga kona, panda mashina kumi mpaka ishirini ya kila aina, andika jina kama mama alivyolitamka, unakomaa miezi mingapi, mchungu au mtamu (ile michungu watoto wasiitafune mbichi, imenywe ilowekwe ianikwe kama alivyokuwa anafanya yeye). Kabla ya kukata pingili ukague mmea ungali na majani, wenye batobato ng'oa. Halafu chimba mzizi mmoja ukate vipande vyembamba kama unakata karoti, kwa sababu michirizi ya kahawia ina hila, juu majani yanaweza kukudanganya ila ndani unakuta mabaka makavu ya kahawia, magumu kama kizibo cha chupa, hata ukichemsha hayalainiki. Shina la mzizi wa hivyo usilipande wala usimpe mtu. Na jirani mpe tu, ila kumpelekea shemeji wa mkoa mwingine gunia la pingili usifanye, ndivyo ugonjwa unavyosafiri. Ukiona moja haiguswi na ugonjwa wakati zote zinaugua, mwite afisa ugani aione, au wafikishie TARI Kibaha, taasisi ya utafiti wa kilimo.

SWALI: Hujambo mwandishi. Huku Nyandarua kwa waru (viazi mviringo) kila mtu ni aina ya Shangi, Shangi, Shangi. Baba yangu alikuwa anapanda waru aina nne. Kuna ubaya gani kama soko inataka Shangi? – Msomaji, Ol Kalou

JIBU: Sijambo. Soko siwezi kukulaumu nayo, Shangi inaiva haraka, inachipua haraka, wapishi wa chipo wanaipenda, na we una karo ya kulipa. Lakini blaiti, ule ugonjwa unaoozesha majani na viazi, inaipenda pia. Ayalandi maskini wengi walikuwa wanategemea kiazi kimoja kinaitwa Lumper, blaiti ikaingia 1845, viazi vikaoza ardhini, watu kama milioni moja wakafa na milioni nyingine wakahama nchi. Njaa ile ilikuwa na mambo ya utawala na ardhi pia, si kiazi peke yake, lakini kila shina lilikuwa pacha wa mwenzake kwa hiyo lililoua moja likaua yote.

Sasa linganisha na kwao kiazi kilikotoka, milima ya Andes. Kule Peru, Lima, kituo cha kimataifa cha viazi CIP, kilichoanzishwa 1971, kina zaidi ya aina 4,000 za viazi vya kienyeji, na karibu na Pisac, mkoa wa Cusco, vijiji vya Waquechua vina Bustani ya Viazi, Parque de la Papa, wanapanda mamia ya aina kwenye miteremko yao, vyeusi ndani, vyekundu, vya mabonge. Mwaka 2004 waliandikiana na CIP warudishiwe aina zilizokuwa zimepotea vijijini, zikiwa zimesafishwa virusi. Hicho ndicho kinachonigusa, ghala lilimrudishia mkulima.

We panda Shangi ya kuuza, ila mistari michache weka Asante au Tigoni, zilitolewa 1998 zikiwa na uvumilivu wa blaiti, na kama waru za baba bado ziko kwa jirani ziombe leo. Angalia tu shamba lisiwe na mnyauko bakteria.

SWALI: Kiangazi kimeniulia marando yote ya viazi vitamu vyangu, aina ya Polista. Kila mwaka naanza kuomba upya, mwaka huu hata majirani hawana. Nifanyeje? – Mama wa Misungwi

JIBU: Pole mama. Mwaka huu uliza vijiji vya bondeni na kandokando ya ziwa ambako hapakauki. Ukishapata, wakati wa kuvuna usimalize viazi vyote, chagua vya wastani visivyo na kidonda wala tundu la fukusi, tafuta beseni au karai, weka mchanga mkavu uliopoa, panga viazi visigusane, funika na mchanga, panga tena, weka ndani mahali pa baridi. Kila mwezi vikague, kilichooza toa. Wiki sita mpaka nane kabla ya mvua vipande kwenye kitalu karibu na nyumba, zungushia miiba mbuzi wasifike, mwagilia hata kwa maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi. Kiazi kimoja kinaweza kukupa marando kama arobaini, kwa hiyo viazi ishirini tu vinakutosha kuanzia, na wale majirani wenye mikono mitupu utawapa wewe.