Waulize wanaona nini kwanza

Walimu wenzangu mnaoanza kufundisha watoto wa sekondari hapa Goma namna ya kutazama picha na video za kwenye simu, nianze na kosa langu. Mwaka wa kwanza nilijaza ubao mifano ya uongo tu. Wiki ya tatu kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: «Mwalimu, basi hata redio tusisikilize tena?» Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimewazoeza kukataa kila kitu, nasi tunaishi chini ya Nyiragongo, mlima wa volkano. Tangazo la Mei 27, 2021 la kuhama sehemu ya mji lilikuwa la kweli, na aliyelipuuza alijiweka hatarini.

Siku hizi siulizi kama picha ni ya kweli. Nauliza: unaona nini? Nawaonyesha picha moja bila maelezo: lava nyeusi inatoa moshi kati ya maduka, watu wanapita kando na magodoro kichwani. Wote wanapiga kelele: «2021!» Nawaacha wabishane. Mwishowe msichana mmoja akasema, «Lakini mwalimu, haya maduka ni ya katikati ya mji.» Hapo ndipo somo lilipoanza. Lava ya Mei 22, 2021 iliishia pembezoni kaskazini, upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Iliyopita katikati ya mji hadi ziwani ni ile ya Januari 2002, kabla wao hawajazaliwa. Picha ni halisi kabisa. Mwaka waliotaja ndio si wake.

Kutafuta asili ya picha kwenye intaneti ni vizuri, lakini mega za intaneti ya simu ni ghali. Mimi nawatuma nyumbani wamwonyeshe nyanya. Wanarudi na jina la mtaa, la duka, hata la mwenye duka.

Video ichezesheni mara ya kwanza bila sauti. Waandike walichoona, kisha fungueni sauti. Watu wanaokimbia mvua, ukiwawekea milio ya risasi, wanakuwa wakimbizi wa vita. Wanafunzi wakisoma tena walichoandika wanajishangaa wenyewe.

Msingoje proyekta. Picha moja iliyochapwa, ikizunguka benchi kwa benchi, inatosha; na kwa kweli wanaitazama kwa muda mrefu zaidi.

Picha za maiti na za vita sileti darasani, hata kama zina mafunzo. Kuna watoto waliokimbia kwao juzi tu, na huwezi kujua nani atamtambua nani.

Kuhusu alama: anayeandika «sijui bado» na kueleza anakosa nini ili ajue, nampa zote. Prefe wangu, yaani mkuu wa shule, anasema «sijui» haiwezi kuwa jibu la mtihani. Tumebishana mihula miwili sasa, na yeye ndiye anayesaini vitabu vya matokeo.