Maswali yenu: unga, ukoo na sirapu ya kikohozi

Wanaoendelea kuniuliza "dawa ya kuacha unga kwa siku tatu nyumbani", yaani heroini: haipo. Nimeshajibu, sijibu tena.

Kaka wa mchumba wangu ni teja, na baba yao mdogo alikufa kwa unga. Wazazi wangu wanasema ukoo huo una damu mbaya, nisiolewe. Ni kweli? (Mbagala)

Urithi upo. Tafiti za mapacha zinaonyesha karibu nusu ya tofauti kati ya anayenasa na asiyenasa hutokana na vinasaba. Ila ni vinasaba vingi mno, kila kimoja kinachangia chembe tu, na hakuna hata kimoja kinachompa mtu kete ya kwanza. Asiyeonja hanasi, ukoo wake uwe wowote. Kinachobaki ni maisha: umri alioanza, kijiwe anachokaa, mateso aliyopitia utotoni, na unga kupatikana kirahisi. Heroini ilianza kuonekana Dar miaka ya 1980. Koo hizo hizo zilikuwepo kabla yake, mbona hazikuwa na mateja wa unga? Muulize mchumba anatumia nini yeye, umwache marehemu apumzike.

Wapi Dar wanapima vinasaba kujua kama mtoto atakuwa teja?

Kwa Mkemia Mkuu wanapima nani baba, hawapigi ramli. Marekani waliidhinisha kipimo cha aina hiyo Desemba 2023. Mwaka uliofuata wataalamu wakaiandikia mamlaka yao ya dawa wakitaka idhini ifutwe. Weka pesa yako.

Mwanangu wa miaka mitano alikuwa anakohoa, duka la dawa wakanipa sirapu yenye kodeini. Alilala kama gunia hadi kesho yake. Ilikuwa feki? (Mama wa Tabata)

Si lazima, mama, na hapo ndipo vinasaba vinapostahili kuogopwa kuliko kwenye posa. Kodeini yenyewe ni dhaifu. Ini huigeuza mofini, iliyo kali zaidi, kwa kimeng'enya kiitwacho CYP2D6. Wapo watu wenye nakala za ziada za kinasaba kinachokitengeneza. Ini lao hugeuza haraka, na kijiko cha kawaida kinamjaza mtoto mofini hadi pumzi inafifia. Ethiopia watu hao ni wengi kuliko Ulaya. Baada ya watoto kufa, Marekani ilielekeza mwaka 2017 kodeini isipewe walio chini ya miaka 12, na ikawaonya wanaonyonyesha wasiitumie. Tramadoli inapita njia hiyo hiyo ya ini, nanyi mnaowauzia vijana bila cheti mnajijua. Siku nyingine mtoto akilala hivyo hakuna kusubiri asubuhi, ni hospitali.

Nilitumia unga nikiwa na mimba, sasa niko kwenye methadoni, dawa ya kliniki ya kushika nafasi ya unga, na bado sijajifungua. Nimesoma kuhusu epijenetiki, na jirani ananitisha. Mtoto amerithi uteja?

Hapana. Anaweza kuzaliwa na arosto, mwili kudai dawa uliyoizoea, atetemeke na kulia sana, na hiyo inatibika hospitalini. Arosto ya kichanga si uteja. Ulichosoma kuhusu epijenetiki ni kwamba dawa huacha alama juu ya vinasaba, zinazovipunguza au kuvikuza sauti bila kuvibadilisha vyenyewe. Alama hizo zimeonekana kwenye OPRM1, kinasaba cha kipokezi cha afyuni (mahali mwilini unga na dawa za jamii yake zinaposhika), kwa watumiaji na kwa baadhi ya vichanga vyao. Lakini alama si hukumu. Hatari iliyo mbele yako ni kuacha methadoni ghafla kwa sababu jirani amekutisha. Usiache. Muhimbili wanaitoa tangu 2011. Waambie kliniki kuhusu mimba.

Methadoni hainishiki tangu nianze dawa za TB. Ni vinasaba?

Ni rifampisini, mojawapo ya dawa hizo za TB, inalifanya ini liimalize methadoni mapema. Mwone daktari wa kliniki leo akupangie dozi upya, na usijazie kwa unga.

Mdogo wangu alitoka rumande baada ya miezi, akatumia kipimo chake cha zamani, akafa. Mtaani wanasema karogwa. (Temeke)

Pole sana, kaka. Mwili uliokaa bila unga hupoteza uzoefu, na kipimo kilichokuwa cha kawaida kinazima pumzi. Ndivyo wanavyokufa pia wengi wanaofungiwa kijijini "wasafike" kisha wakarudi mjini. Ukimkuta mtu anakoroma vibaya na midomo imebadilika rangi, achana na maziwa na maji baridi, atapaliwa. Mlaze ubavu, na pumzi ikikata mpulizie mdomoni. Mkimbizeni hospitali mkiwa mmeita wa kusaidia, na mseme wazi katumia nini, maana naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha, hufanya kazi dhidi ya unga na jamii yake ya afyuni na daktari hapaswi kubahatisha.