Sala ya mezani saa kumi za usiku

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Familia yako humshukuru Mungu kwa lipi kila siku?", limenigusa pabaya. Si swali baya. Ila mmelichukulia kama shukrani ipo tayari ndani ya kila nyumba, mfano wa maji mtungini, kazi ni kuchota tu. Mimi nina swali la kabla ya hilo. Asiye nayo aitoe wapi? Na je, ni haki kumkalisha mtoto mkekani, ukamwambia aseme asante kwa Mungu, na moyo wake haujashukuru?

Nilishika kalamu nikitaka kuwajibu kwamba si haki. Mama yangu, mzaliwa wa Mbweni, alitulea kwa "shukuruni kwa kila jambo", maneno ya Paulo kwa Wathesalonike, na kwa mama kila jambo lilikuwa kila jambo kweli. Muhogo mkavu bila kitoweo, fumba macho, shukuru. Umeanguka mtihani, shukuru. Baba alipofariki, jioni ile ile ya maziko alitukusanya akatwambia tushukuru. Nilikuwa na miaka 11. Nilifumba macho kama wenzangu, lakini kinywa sikufungua, na hasira ya siku ile nilikaa nayo miaka mingi.

Nilikuwa na hoja nyengine pia, na bado naiona nzito. Sisi Waanglikana wa Unguja tunapiga magoti Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa 1873, na Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Wazee wa Mbweni, wengi wao, walikuwa watu waliokombolewa utumwani wakapewa makao na misheni. Hao hawakuambiwa washukuru siku ya kuuzwa. Kwanza walipata pa kulala, wakala, wakafundishwa kusoma. Faraja kwanza, shukrani baadaye. Hivyo ndivyo nilivyotaka kuandika, nikatia nukta.

Lakini nimekumbuka usiku mmoja wa giza lile kubwa, na siwezi kuupita.

Wenzangu wa Unguja hawahitaji kuelezwa giza lipi. Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme kutoka Bara ulikatika pale Fumba, unapoingilia kisiwani, kisiwa kizima kikakaa miezi mitatu bila taa isipokuwa wenye majenereta. Mimi nilikuwa nauza barafu za ubuyu na juisi ya ukwaju. Friza ndiyo iliyokuwa shamba langu. Wiki ya kwanza nilikuwa nikilipangusa kila asubuhi, nikiamini umeme utarudi jioni. Baadaye nikaliacha wazi, kifuniko nimekiegemeza kwa kijiti cha mwiko ili lisiote ukungu, na ndani nikaweka unga na madaftari ya skuli. Maji nayo yakakauka bombani, maana pampu zilikuwa zikitaka umeme. Tulikuwa tukichota kwa jirani yetu, bibi mmoja Muislamu mwenye kisima uani. Hakuwahi kututoza hata senti, na watu wakati ule walikuwa wakiuza dumu.

Januari, joto la kaskazi limepamba moto, binti yangu wa miaka sita akashikwa na homa. Mchana alipimwa, akapewa dawa ya malaria. Baba yao alikuwa mlinzi wa usiku hotelini, basi usiku ule nilikuwa peke yangu na watoto. Feni haiendi. Nikamlaza mkekani karibu na mlango, nikawa nampepea kwa kile kipepeo cha mkaa, cha ukili, kimeungua pembe moja. Kila nikipepea kinatoa harufu ya jivu. Nikibadilisha mkono, anaamka analia.

Giza lile lilikuwa na kimya chake. Hakuna redio, hakuna friji inayonguruma, kila nyumba inasikia ya mwenzake. Kiasi cha saa nane nikasikia hodi. Bibi, kandili mkono mmoja, ndoo ya maji mkono wa pili. Akanambia, "Namsikia mtoto tangu saa sita. Lete, mwanangu, mkono wako umechoka." Akakaa chini, akashika kipepeo. Mimi nikawa nachovya kitambaa ndooni, namkanda. Tukabadilishana hivyo, maneno machache. Kila mtoto akipiga funda la maji, bibi husema taratibu, "Alhamdulillahi." Funda moja, alhamdulillahi. Na mimi, niliyelelewa kwa kila jambo, sikuwa na neno. Nilijaribu kuomba, ikawa namhesabia Mungu tu: friza, ada ya skuli, maji, sasa na mtoto.

Saa kumi jasho likamtoka. Nilianza kulihisi nyuma ya shingo, kisha nguo yote ikalowa, akalala usingizi wa kweli. Hapo ndipo kinywa changu kikafunguka, na kilichotoka ni sala ya mezani ya mama: "Asante Bwana kwa tulichopata, uwape na waliokosa." Hapakuwa na chakula wala meza. Lakini ndiyo sala pekee niliyokuwa nayo ambayo haikuhitaji nitafute maneno. Bibi akaitikia amina. Baadaye kidogo ikaadhiniwa alfajiri, akaondoka kwenda kusali, ndoo akaniachia.

Kwa hiyo siwezi tena kuwajibu kama nilivyokusudia. Ile sala niliyolazimishwa miaka yote ndiyo iliyonifaa siku nilipokosa yangu. Mama alituwekea akiba, nami nikadhani anatuonea. Hata hivyo kuhusu jioni ya maziko, sijabadili rai. Mfiwa muacheni alie, mpelekeeni uji, mkae naye. Ya kushukuru atayasema mwenyewe wakati wake ukifika. Na mzazi mwenye kumchapa mtoto kwa sababu hakusali vizuri, huyo simtetei.

Lakini kwangu watoto wanasali mezani kila usiku, wapende wasipende, na wajukuu watasali.

Na kwa kuwa mmeuliza kwa lipi, andikeni maji ya kile kisima. Sisi tumeshahamia Tomondo, bibi yupo pale pale, macho yamepungua nuru. Binti yangu sasa ni mtu mzima, na akija kula kwetu, baada ya "uwape na waliokosa" hutaja jina la bibi kwa sauti ya chini. Hakuna aliyemfundisha.